Gamba, Kijinyoo na Kitufe: Maumbo ya Grafiti katika Chuma cha Kusubu na Suala la Istilahi

Utangulizi

Pasi ya makaa ikiteleza mkononi na kuangukia sakafu ya saruji, aghalabu humeguka. Kifuniko hupasuka, au sikio la bawaba huvunjika na kuacha jeraha la rangi ya kijivu. Panga likianguka mahali hapo hapo hulia tu. Likilazimishwa sana litapinda, na fundi atalinyoosha kwa nyundo. Mwenye pasi hana la kunyoosha, kwa kuwa vipande vyake havikuonyesha dalili yoyote ya kupinda kabla ya kuachana. Hata hivyo, vitu hivi viwili huitwa kwa jina moja katika Kiswahili cha kila siku, yaani chuma. Mtu akiuliza kwa nini vinatofautiana hivyo, huenda akajibiwa kwamba pasi ni ya chuma kigumu. Jawabu hilo halielezi kitu, kwani panga nalo ni gumu.

Makala haya yanadhamiria kueleza tofauti moja iliyojificha ndani ya chuma cha aina ya pasi, nayo ni umbo la grafiti. Grafiti ni ile kaboni nyeusi, laini, inayopatikana katika uti wa penseli. Imo pia ndani ya pasi, ndani ya miguu ya cherehani ya zamani, ndani ya bloku ya injini ya gari na ndani ya mabomba makubwa ya maji. Katika vitu hivyo vyote kiasi chake hakitofautiani sana. Kinachotofautiana ni umbo, na umbo hilo ndilo linaloamua iwapo kitu kitameguka au kitapinda. Baada ya maelezo hayo makala yatapima majina ambayo Kiswahili kinaweza kuyapa maumbo hayo. Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya pamoja na Kiingereza. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayeandikiwa neno 'chuma' pekee katika lugha hiyo rasmi hajaambiwa kama kipande alichoshika kitamvumilia au kitamvunjikia.

Kufua na Kusubu

Kiswahili hakianzii patupu katika uwanja huu. Kina vitenzi viwili vinavyogawa kazi ya chuma barabara. Kufua ni kukipiga chuma kilichopashwa moto kikiwa bado yabisi hadi kichukue umbo linalotakiwa. Kusubu ni kukiyeyusha kabisa na kukimimina ndani ya kalibu. Panga hufuliwa, pasi ya makaa husubiwa. Ndiyo maana makala haya yanatumia jina 'chuma cha kusubu'.

Mtafsiri mwenye haraka huenda akaandika 'chuma cha kutupwa', kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza kinachohusika kina pia maana ya kutupa. Kosa hilo linachekesha, lakini historia inamtetea kidogo. Katika tanuri za kale za makaa, mhunzi alitaka bonge la chuma ambalo halikuyeyuka, alitoe, alisafishe kwa kulipiga, kisha alifue. Hivyo ndivyo walivyofanya pia wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambao ustadi wao umechunguzwa sana na wanaakiolojia. Tanuri ya namna hiyo ikipata joto na kaboni kupita kiasi, chuma kiliyeyuka, na kilipoganda kilivunjika chini ya nyundo. Aghalabu kilitupwa. Wachina ndio waliotangulia kuona thamani yake: kufikia karne ya 5 K.K. walikuwa wakikimimina katika kalibu na kutengenezea zana.

Siri iko katika kaboni. Chuma kitupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Kikichanganyika na kaboni ya kiasi cha asilimia 4.3, huyeyuka kwenye nyuzi 1,150 hivi. Punguzo hilo la karibu nyuzi 400 ndilo lililowezesha usubu wa chuma. Kwa kawaida chuma cha kusubu huwa na kaboni ya asilimia 2.5 hadi 4, na silikoni ya asilimia 1 hadi 3. Feleji, ambayo ndiyo chuma cha panga, huwa na kaboni isiyofikia asilimia 2, na mara nyingi haifikii hata asilimia moja.

Kaboni Inapotafuta Makao

Chuma kikiwa kimiminika, kaboni huwa imeyeyuka ndani yake kama chumvi katika maji. Kikianza kuganda hakiwezi tena kuibeba yote, na kaboni inayozidi hulazimika kutafuta makao. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuungana na chuma chenyewe, atomi moja ya kaboni kwa atomi tatu za chuma, na kuunda kampaundi ngumu mno iitwayo sementiti. Chuma cha kusubu kilichofuata njia hii kikivunjwa, uso wa mvunjiko hung'aa kwa weupe. Kwa hiyo huitwa chuma cheupe. Hakikerezeki kwa urahisi wala hakivumilii pigo, ila ni hodari kwa msuguano, na hutumiwa katika mitambo ya kusagia mawe na madini.

Njia ya pili ni kaboni kujitenga na kukaa peke yake kama grafiti. Kinachoamua njia itakayofuatwa ni mambo mawili makuu: kasi ya kupoa na kiasi cha silikoni. Kikipoa haraka, kaboni haipati muda wa kujitenga, hivyo huishia katika sementiti. Silikoni nayo huisukuma kaboni kuelekea grafiti. Kipande kimoja kilichosubiwa siku moja kutoka ndoo moja kinaweza kuwa cheupe kwenye kingo nyembamba zilizopoa upesi, na kijivu katikati.

Mwanafunzi wa isimu atatambua hali hii mara moja. Mofimu ya usababishi hujitokeza kama -ish- katika 'pikisha' na kama -esh- katika 'somesha', na mazingira ya kifonolojia ndiyo yanayochagua umbo. Kaboni nayo ni ile ile. Mazingira ndiyo yanayochagua. Ulinganisho huu una mpaka, na inafaa mpaka huo utajwe mapema. Alomofu hubadili sura bila ya kubadili maana. Grafiti ikibadili sura, tabia ya chuma kizima hugeuka.

Uzito nao unaweza kumdanganya msomaji. Asilimia 3 ya grafiti huonekana kuwa kidogo. Lakini grafiti ni nyepesi sana ikilinganishwa na chuma: sentimita moja ya ujazo ya grafiti ina gramu 2.2 hivi, ya chuma ina gramu 7.9. Kwa hiyo asilimia 3 kwa uzito hugeuka kuwa karibu sehemu moja kwa kumi ya ujazo. Hivi ni kusema kwamba moja ya kumi ya mwili wa pasi ya makaa ni kitu laini kama uti wa penseli, kisicho na nguvu yoyote ya maana ya kuzuia kuvutwa. Je, kitu hicho kimepangwaje?

Magamba

Anayetaka kuona jibu hukata kipande kidogo cha chuma, hukisugua kwa msasa mkavu hadi msasa laini, kisha hukisugua tena kwa unga wa almasi hadi king'ae kama kioo. Kipande hicho huwekwa chini ya hadubini kikiwa hivyo hivyo, kwa ukuzaji wa mara 100. Chuma huonekana cheupe, grafiti nyeusi. Baadaye hupakwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa alkoholi, kwa kawaida asilimia 2, ili chuma chenyewe nacho kifichue sehemu zake. Mbinu hii ya kuitazama metali iliyong'arishwa na kuliwa kidogo na asidi ilianzishwa na Henry Clifton Sorby huko Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1863 na 1864. Kabla ya hapo watu walikuwa wamekisubu chuma kwa zaidi ya miaka 2,000 bila ya kuona kilichomo.

Katika chuma cha kijivu cha kawaida, kinachoonekana ni mistari myeusi iliyopinda, myembamba, yenye ncha kali, imetawanyika kila upande. Wataalamu huita umbo hili gamba. Hapa panahitajika tahadhari, kwa kuwa hadubini huonyesha mkato tu. Chuma kikiyeyushwa kwa asidi hadi grafiti ibaki imesimama peke yake, na kikatazamwa kwa hadubini ya elektroni, yale yanayodhaniwa kuwa magamba yaliyotengana huonekana yameshikana katika shina moja, kama majani ya kabichi. Atakayekata kabichi kwa kisu na kutazama uso wa mkato ataona mistari iliyopinda ambayo haigusani, ilhali kila jani limetoka kwenye kikonyo kimoja.

Madhara ya umbo hili ni rahisi kuyaelewa. Kila gamba ni kama ufa uliokwisha kutengenezwa tayari, wenye ncha kali inayokusanya nguvu mahali pamoja. Chuma kikivutwa, ufa hutembea kutoka gamba hadi gamba, na kwa kuwa unapita ndani ya grafiti, uso wa mvunjiko huwa wa kijivu. Ile rangi ya jeraha la pasi ni rangi ya grafiti. Kikigandamizwa, hata hivyo, nyufa hizo hufungwa badala ya kufunguliwa, na chuma hicho hicho huhimili mzigo mara tatu au nne ya ule ambao kingeuhimili kikivutwa.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa njia mbili. Mwaka 1779 Abraham Darby wa Tatu alisimamisha daraja la upinde la chuma cha kusubu juu ya Mto Severn huko Shropshire, lenye upana wa mita 30 hivi. Katika upinde sehemu kubwa ya chuma hugandamizwa, na daraja hilo bado limesimama, ingawa tangu 1934 limeachiwa watembea kwa miguu. Miaka ya baadaye wahandisi wa reli walitumia chuma cha namna hiyo kwa mihimili iliyolala, ambayo upande wake wa chini huvutwa kila gari moshi linapopita. Tarehe 24 Mei 1847 mhimili mmoja wa daraja la Mto Dee, karibu na Chester, ulikatika chini ya gari moshi na watu watano wakafa. Msanifu wake alikuwa Robert Stephenson, mmoja wa wahandisi mashuhuri kuliko wote wa enzi hiyo. Haikuwa kazi ya fundi mbumbumbu. Hadubini ya Sorby ilikuwa bado miaka 16 mbele.

Isidhaniwe kwamba gamba ni kasoro tupu. Grafiti hulainisha kisu cha kukerezea, hupitisha joto upesi na humeza mtikisiko. Ndiyo sababu chuma cha kijivu kikigongwa hutoa sauti nzito isiyodumu, na ndiyo sababu hiyo hiyo vitako vya mashine za kukerezea hutengenezwa kwacho, pamoja na diski za breki za magari. Fundi anayetaka kitu kitulie chini ya mashine inayotetemeka atalitafuta gamba kwa makusudi.

Vitufe

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba anayetaka chuma cha kusubu kisichomeguka sharti aanze na cheupe kisha akioke. Mfaransa Réaumur aliandika juu ya njia hiyo mwaka 1722. Seth Boyden, wa Newark katika jimbo la New Jersey, Marekani, alipata namna yake mwaka 1826. Chuma cheupe huwekwa katika tanuri kwenye nyuzi 900 na ushei kwa siku kadhaa, sementiti huvunjika, na kaboni yake hujikusanya katika vifundo vyenye kingo za mavimbemavimbe, kama bisi. Vifundo havina ncha kali, kwa hiyo chuma huvumilia kupinda. Kasoro yake ni gharama ya kuni au makaa, muda, na kwamba kipande kinene hakiwezi kuwa cheupe hadi ndani.

Jibu jingine lilipatikana mwaka 1943 na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kromi ilikuwa adimu, na Keith Millis, mtafiti wa International Nickel Company nchini Marekani, alipewa kazi ya kutafuta kibadala chake katika chuma cheupe kinachostahimili msuguano. Alijaribu elementi mbalimbali, magnesi ikiwa mojawapo. Alipoitia ndani ya chuma kilichoyeyuka, ikiwa imechanganywa na shaba, kisha akatazama kipande kilichoganda, aliona grafiti imejiviringa ikawa tufe ndogo ndogo. Hapakuwa na kuoka kokote. Mwaka 1948, katika mkutano wa wasubu wa Marekani mjini Philadelphia, ilibainika kwamba Henton Morrogh wa Uingereza naye alikuwa amepata vitufe kwa kutumia seriamu. Hataza ya Marekani kuhusu njia ya magnesi ilitolewa mwaka 1949.

Kwa nini magnesi? Grafiti ni matabaka juu ya matabaka. Ndani ya tabaka atomi zimeshikana kwa nguvu sana, baina ya tabaka na tabaka zimeshikana kwa ulegevu. Gamba hukua kwa kurefusha kingo za matabaka, kitufe hukua kwa kuongeza matabaka nje, kwa unene, kutoka kiini kimoja kuelekea pande zote. Salfa na oksijeni zilizomo katika chuma hukimbilia kwenye kingo hizo na kuchochea ukuaji wa gamba. Magnesi huzikamata zote mbili. Hayo ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi, ingawa wataalamu wangali wanabishana juu ya hatua zake.

Kiasi kinachotakiwa kibaki ni kidogo ajabu, asilimia 0.03 hadi 0.05. Ila kukiweka humo ni shughuli. Magnesi huchemka kwenye nyuzi 1,090 hivi, na chuma kinachosubiriwa kumiminwa kina nyuzi 1,400 na zaidi, kwa hiyo magnesi tupu ikitumbukizwa hulipuka kwa mwanga mweupe na moshi. Ndiyo maana huchanganywa kwanza na silikoni na chuma. Aidha, hutoweka polepole. Chuma kikicheleweshwa ndani ya ndoo kwa robo saa hivi, vitufe huanza kuharibika na magamba hurudi. Msubu mzembe anaweza kuuza magamba kwa jina la vitufe, na mnunuzi asijue hadi siku bomba litakapopasuka. Nje, vyuma hivi viwili vimefanana. Kimoja kikigongwa hulia kama kengele na kingine hunyamaza upesi, lakini si kila mnunuzi huja na nyundo.

Tofauti ya nguvu inaweza kuwekwa kwa tarakimu. Daraja moja la kawaida la chuma cha kijivu lina nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 250, na hukatika kabla ya kurefuka hata kwa asilimia moja. Daraja moja la kawaida la chuma cha vitufe lina megapaskali 400 na hurefuka kwa asilimia 15 kabla ya kukatika. Kiasi cha kaboni katika vyuma hivyo kinakaribiana.

Vijinyoo

Kati ya gamba na kitufe kuna umbo la tatu, fupi na nene, lenye ncha za mviringo, linaloonekana katika mkato kama vijinyoo. Hupatikana magnesi inayobaki ikiwa ya kiasi cha asilimia 0.01 hadi 0.02 tu. Ikipungua kidogo magamba huingia, ikizidi kidogo vitufe huongezeka. Kwa sababu ya ufinyu huo wa nafasi, umbo hili lilijulikana mapema lakini halikutumika sana hadi vyombo vya kupima na kudhibiti chuma kilichoyeyuka vilipoimarika. Sasa bloku za injini nyingi za dizeli husubiwa hivi: nguvu hukaribia ya vitufe, na joto hupita vizuri kuliko katika vitufe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 945 hutambua maumbo sita kwa jumla, tangu gamba hadi kitufe kamili, lakini mengine ni hatua za katikati au vitufe vilivyokosa kutimia.

Kinachoizunguka Grafiti

Grafiti ni nusu ya habari. Chuma kinachoizunguka kinaweza kuwa feriti, ambayo ni laini na karibu haina kaboni, au perliti, ambayo ni matabaka membamba ya feriti na sementiti yaliyopishana. Jina hili la pili lina asili ya kupendeza. Sorby aliona sehemu hiyo ikimetameta kama upande wa ndani wa ganda la chaza, akaieleza kwa sifa ya lulu, na Mmarekani Henry Marion Howe baadaye akaifanya kuwa istilahi. Hata sayansi ya metali ilianza kwa tashbihi.

Katika chuma cha vitufe kilichopakwa asidi, mara nyingi kitufe cheusi huonekana kimezungukwa na duara jeupe la feriti, na nje ya duara hilo kuna perliti ya rangi ya giza: mfano wa mboni iliyozungukwa na weupe wa jicho. Chuma kilipokuwa kikipoa, kaboni iliyokuwa karibu na kitufe ilihamia kitufeni, ikaacha nyuma yake feriti tupu. Kaboni iliyokuwa mbali haikuwahi, ikanaswa katika perliti. Msomaji wa hadubini huweza kusoma katika duara hilo kasi ambayo chuma kilipoa.

Majina

Majina yaliyotumika hadi hapa yametoka katika misingi mitatu tofauti. 'Cheupe' na 'kijivu' ni majina ya rangi ya mvunjiko, kutoka enzi ambayo njia pekee ya kukijua chuma ilikuwa kukivunja. Chuma cha kuoka na chuma cha vitufe, kwa Kiingereza, mara nyingi huitwa kwa tabia zao: kimoja kwa kukubali nyundo, kingine kwa kukubali kuvutwa. Majina ya magamba na vijinyoo ni ya umbo. Mchanganyiko huu ni mabaki ya historia, na Kiswahili hakina sababu ya kuurithi mzima mzima.

Viwango vya Ulaya vimekwisha kuuacha katika alama zao. Chuma cha kijivu huandikwa EN-GJL, cha vitufe EN-GJS, cha vijinyoo EN-GJV, cha kuoka EN-GJM, na kisicho na grafiti EN-GJN. Herufi G hutaja usubu, J hutaja chuma, na herufi ya tatu hutaja umbo la grafiti au ukosefu wake. Mwanafunzi wa mofolojia ataona shina lisilobadilika na kiambishi kinachobadilika. Mfumo wa aina hii hutimiza vigezo kadhaa vya PEGITOSCA, vigezo vya kuundia istilahi vilivyopendekezwa na Kiingi wa Uganda, hasa vya usahihi, iktisadi na utaratibu.

Kwa kufuata msingi huo mmoja, Kiswahili kinaweza kuwa na chuma gamba, chuma tufe, chuma kijinyoo na chuma fundo. Chuma cheupe, ambacho hakina grafiti, kingeitwa chuma kapa, na hapa wanaisimu hawahitaji kuelezwa, kwa kuwa wamekuwa wakiishi na mofimu kapa miaka yote. Fundi wa jua kali, hata hivyo, huenda akauliza kapa ni nini. Kigezo cha ukubalifu hakitimizwi darasani, na kwa neno hili pekee 'chuma cheupe' linaweza kuachwa lilivyo.

Gamba nalo lina mgogoro wake. Imeelezwa kwamba kiuhalisia ni jani la kabichi, na mtu anaweza kudai kwamba 'chuma jani' lingekuwa sahihi zaidi. Lakini msomaji wa kawaida wa hadubini huona mkato, naye ndiye mtumiaji wa istilahi, gamba libaki. Kijinyoo kina ugumu mwingine. Kwa Wakenya wengi minyoo huleta picha ya zahanati. Isitoshe, umbo hilo likitazamwa kwa hadubini ya elektroni huonekana limeungana na kutawi kama matumbawe, na 'chuma tumbawe' lingependeza masikio ya watu wa pwani kuliko kijinyoo. Bahati mbaya, wataalamu wa metali hutumia tayari jina la matumbawe kwa grafiti nyingine, yenye nyuzi nyembamba, inayotokea katika chuma safi sana. Atakayechagua uzuri hapa atakuwa amepoteza usahihi, na mtafsiri wa baadaye atajikuta na maumbo mawili chini ya jina moja. Kijinyoo, pamoja na zahanati yake, hakina mshindani.

Majina haya yanaweza kujaribiwa kwa ripoti fupi ya maabara: 'Kipande kilichopokelewa ni chuma tufe. Vitufe vimetimia, isipokuwa karibu na ukingo, ambako kuna vijinyoo vichache. Feriti imezunguka vitufe vyote. Perliti ni kidogo. Hakuna gamba lililoonekana.' Mhandisi anayekijua Kiswahili ataisoma ripoti hiyo na kuamua iwapo bomba lifukiwe au lirudishwe kiwandani.

Kinachobaki bila ya ufumbuzi ni wingi. Kiwanda kikiwa na aina kadhaa za chuma tufe, zitaitwa vyuma tufe, au vyuma vitufe? Kwa kufuata mfano wa 'mofimu kapa', neno la pili halibadiliki, na 'vyuma tufe' ndilo litakalosimama. Lakini 'kijinyoo' limebeba kiambishi chake cha ngeli ya KI-VI mgongoni, na sikio la Mswahili litadai 'vyuma vijinyoo' hata kama kanuni inakataa.